Mkutubi Katika Mapitio ya Kimfumo: Mwongozo kwa Maktaba za Vyuo vya Afya Afrika Mashariki

Mapitio ya kimfumo ni utafiti kamili wenye swali lake, mbinu zake na matokeo yake, ila data zake ni tafiti zilizokwisha kufanywa na watu wengine. Mtafiti hukusanya kila utafiti unaojibu swali moja mahususi, huupima ubora wake kwa vigezo vilivyowekwa mapema, kisha huyaweka matokeo pamoja ili msomaji ajue ushahidi wote unasemaje, wala si makala tatu nne tu ambazo mwandishi alibahatika kuziona. Utafutaji wa tafiti hizo ukiwa na kasoro, hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuiondoa. Takwimu zitakokotolewa sawasawa na majedwali yatapangwa vizuri, lakini hitimisho litakuwa limesimama juu ya sehemu tu ya ushahidi, na hakuna atakayejua sehemu iliyokosekana ilikuwa inasema nini. Hapo ndipo mkutubi anapohitajika, na anahitajika tangu siku ya kwanza, si kwa kuagizwa atafute makala wiki moja kabla ya andiko kuwasilishwa.

Mwongozo huu unawalenga wakutubi wa vyuo vya afya na hospitali za rufaa katika nchi zetu, ambako mara nyingi mkutubi mmoja huhudumia kitivo kizima na fedha za kanzidata za kulipia ni kidogo au hazipo kabisa. Ili maelezo yashikike, nitatumia swali moja tangu mwanzo: je, vyandarua vyenye dawa hupunguza upungufu wa damu kwa wajawazito wa Afrika Mashariki? Swali hili linaonekana rahisi, lakini lina karibu kila mtego ambao mkutubi atakutana nao.

Mazungumzo ya kwanza

Mtafiti anapofika maktabani akisema anataka kufanya mapitio ya kimfumo, muulize kwanza anafanya kazi na nani na ana muda gani. Uchujaji wa makala unapaswa kufanywa na watu wawili wanaosoma kila mmoja peke yake kisha wakalinganisha uamuzi wao, kwa hiyo mtu aliye peke yake hana budi kutafuta mwenzake kabla ya jambo lingine lolote. Kuhusu muda, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mapitio yaliyosajiliwa katika rejista ya PROSPERO ulionyesha kwamba kazi hiyo huchukua wastani wa wiki 67 hadi kuchapishwa. Mwanafunzi wa uzamili aliyebakiwa na muhula mmoja anastahili kuambiwa jambo hilo waziwazi na kwa upole. Huenda anachohitaji ni sura ya mapitio ya maandiko iliyotafutwa kwa uangalifu, ambayo ni kazi halali na yenye thamani, na mkutubi anaweza kumsaidia kuifanya vizuri bila kuibandika jina ambalo haitaweza kulibeba.

Kisha livunjeni swali katika sehemu zake. Mfumo uliozoeleka tangu miaka ya 1990 ni ule wa PICO, unaotaka kujua kundi la watu, afua, kinacholinganishwa na afua hiyo, na matokeo yanayopimwa. Kwa swali letu, watu ni wajawazito, afua ni chandarua chenye dawa, ulinganisho ni kutotumia chandarua au kutumia kisicho na dawa, na matokeo ni upungufu wa damu. Mkutubi mzuri huuliza maswali yanayomfanya mtafiti afikiri zaidi. Upungufu wa damu upimwe kwa kiwango kipi cha himoglobini? Vyandarua vya zamani vilivyohitaji kuchovywa tena kwenye dawa vihesabiwe pamoja na vile vya kisasa vinavyodumu na dawa kwa miaka kadhaa? Na Afrika Mashariki ni ipi? Katika mgawanyo wa Umoja wa Mataifa, Msumbiji, Malawi, Zambia na Madagaska ni za Afrika Mashariki, ilhali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imewekwa Afrika ya Kati. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mambo ni kinyume: Kongo ni mwanachama tangu mwaka 2022, na Msumbiji haimo. Mtafiti asipoamua jambo hili mapema, ataliamua baadaye akiwa tayari ameyaona matokeo, na uamuzi wa namna hiyo hauaminiki.

Kabla ya kuagana, angalieni pamoja kama kazi hiyo imekwisha kufanywa. Tafuteni katika Cochrane Library, yaani maktaba ya mtandaoni ya shirika la Cochrane linaloandaa mapitio ya kimfumo ya afya, katika PROSPERO na katika PubMed, kanzidata ya wazi ya makala za tiba, kwa kuchagua aina ya makala za mapitio ya kimfumo. Kwa mfano wetu mtakuta kwamba Cochrane ilichapisha mwaka 2006 mapitio kuhusu vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito, yakiwa na majaribio kutoka Afrika na Thailand. Mtafiti hapaswi kuvunjika moyo kwa kukuta jambo hilo, bali anapaswa kulijibu: ni ushahidi gani umejitokeza tangu hapo, na kwa nini eneo letu litazamwe peke yake? Mara nyingi swali hutoka katika mazungumzo haya likiwa bora kuliko lilivyoingia.

Itifaki na makubaliano

Itifaki ni andiko linaloeleza kabla ya kazi kuanza kitakachotafutwa, wapi, kwa vigezo gani, na jinsi matokeo yatakavyochambuliwa. Kwa mapitio yanayohusu afya, itifaki husajiliwa bila malipo katika PROSPERO, rejista iliyoanzishwa mwaka 2011 na Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza. Rejista hiyo haipokei mapitio ya kuangalia tu upana wa mada, kwa hiyo mtafiti wa aina hiyo aelekezwe kuihifadhi itifaki yake mahali pengine pa wazi, kama vile katika hazina ya chuo.

Mkutubi aiandike mwenyewe sehemu ya utafutaji katika itifaki hiyo. Wakati huohuo zungumzeni kuhusu kazi ya kila mmoja na kuhusu jina la mkutubi katika orodha ya waandishi. Wakutubi wengi huona haya kulitaja jambo hili, hasa mbele ya profesa aliyewazidi umri na cheo, nami naona haya hiyo imetugharimu sana kama taaluma. Vigezo vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba vinajulikana: kuchangia kwa kiasi kikubwa katika ubunifu wa kazi au ukusanyaji wa data, kushiriki kuandika au kuhakiki andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa yaliyomo. Aliyebuni utafutaji mzima, akaandika sehemu ya mbinu na kulisoma andiko la mwisho amevitimiza. Aliyeonyesha tu jinsi ya kutumia kanzidata moja anatosha kushukuriwa. Kuna na hoja ya ubora pia, kwani utafiti wa mwaka 2015 kuhusu mapitio yaliyochapishwa katika majarida ya tiba ya ndani ulionyesha kwamba pale mkutubi alipokuwa miongoni mwa waandishi, utafutaji ulioripotiwa ulikuwa wa kiwango cha juu zaidi.

Kujenga utafutaji

Hapa ndipo ujuzi wetu unapodaiwa kwa ukamilifu, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Anza na PubMed, kwa sababu iko wazi kwa kila mtu na kwa sababu kuna orodha ya istilahi za kitabibu iitwayo MeSH, ambayo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imekuwa ikiitunza tangu mwaka 1960. Kila dhana katika swali itafutwe kwa njia mbili: kwa istilahi rasmi ya MeSH, na kwa maneno ya kawaida ambayo waandishi huyatumia katika vichwa na ikisiri za makala zao. Njia moja haitoshi. Makala mpya huingia PubMed kabla ya kupewa istilahi, na makala za majarida yasiyomo katika MEDLINE, sehemu kuu ya PubMed ambayo makala zake hupewa istilahi hizo, huenda zisipewe istilahi kamwe. Kwa upande mwingine, maneno ya waandishi hubadilika kutoka mtu hadi mtu na kutoka mwaka hadi mwaka.

Chukua dhana ya chandarua. Kwa Kiingereza waandishi wameandika “bednet” neno moja, “bed net” maneno mawili, “mosquito net”, “insecticide-treated net”, na vifupisho ITN na LLIN, na wengine huandika “impregnated” badala ya “treated”. Katika MeSH leo kuna istilahi maalumu ya vyandarua vyenye dawa, lakini tafiti nyingi za miaka ya 1990, ambazo ndizo zilizoweka msingi wa matumizi ya vyandarua Kilifi na kwingineko, ziliwekwa chini ya istilahi ya matandiko na ya udhibiti wa mbu, kwa kuwa istilahi maalumu haikuwapo. Anayetafuta kwa istilahi mpya peke yake atazipoteza makala hizo bila kujua. Kwa hiyo kwa kila istilahi angalia ilianza kutumika lini na kabla yake ilitumika ipi, kwani maelezo hayo yamo katika ukurasa wa istilahi yenyewe.

Upungufu wa damu nao huandikwa “anaemia” kwa tahajia ya Uingereza na “anemia” kwa tahajia ya Marekani, na vivyo hivyo himoglobini huandikwa kwa “hae” au kwa “he”. PubMed haina alama ya kuziba pengo katikati ya neno, kwa hiyo tahajia zote mbili ziandikwe. Alama ya nyota hutumika mwishoni mwa mzizi, kama vile “pregnan*”, ili kuleta ujauzito na mjamzito kwa pamoja, ila mzizi uwe na herufi zisizopungua nne. Fahamu pia kwamba ukiandika neno tupu, PubMed huongeza visawe na istilahi kwa hiari yake, na ukitumia nyota au alama za kunukuu huacha kufanya hivyo. Fungua historia ya utafutaji na usome tafsiri kamili ya kilichotafutwa, maana ndicho utakachoripoti.

Majina ya mahali ndiyo mtego ambao wageni wengi hawauoni, na sisi wa hapa tunaweza kuutegua. Tanzania iandikwe pamoja na Tanganyika na Zanzibar. Kongo iandikwe pamoja na Zaire, jina lililotumika kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, hivyo tafiti za zamani za eneo hilo ziko chini ya Sudan. Zaidi ya hayo, waandishi wengi hutaja wilaya au mji bila kutaja nchi katika ikisiri, kwa hiyo ni busara kuongeza majina ya maeneo yenye historia ndefu ya utafiti wa malaria, kama Kilifi, Kisumu, Bagamoyo, Kilombero na Ifakara. Kama idadi ya matokeo inaruhusu, mimi ningeshauri dhana ya mahali iachwe kabisa katika utafutaji na nchi ichujwe kwa macho, kwa sababu utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa mara nyingi hautaji hata nchi moja katika ikisiri yake.

Ndani ya dhana moja maneno huunganishwa kwa OR, na dhana moja huunganishwa na nyingine kwa AND. Kuhusu NOT, jizuie. Anayeandika NOT pamoja na neno la watoto ili abaki na wajawazito atakuwa ameondoa kila utafiti uliochunguza mama pamoja na mtoto, na tafiti hizo ndizo nyingi. Vilevile usiweke dhana zote nne za PICO katika utafutaji. Matokeo yanayopimwa mara nyingi hayatajwi katika ikisiri, hasa yakiwa si matokeo makuu ya jaribio. Katika mfano wetu, jaribio lililolenga uzito wa mtoto anapozaliwa linaweza kuwa limepima himoglobini ya mama na kuitaja ndani ya jedwali tu. Tafuta vyandarua na wajawazito, kisha upungufu wa damu utafutwe na msomaji katika makala yenyewe.

Usizuie lugha. Watafiti wa Burundi, Kongo na, kwa miaka mingi, wa Rwanda wamechapisha kwa Kifaransa, na wa Msumbiji kwa Kireno. PubMed huweka tafsiri ya Kiingereza ya vichwa vya makala hizo, kwa hiyo utafutaji wa Kiingereza utazipata, lakini kanzidata za kikanda hazifanyi hivyo kila mara, na huko itakubidi uandike “moustiquaire” na “grossesse”. Kama timu haina msomaji wa Kifaransa, ni afadhali makala hizo zitajwe kuwa zipo na hazikusomwa kuliko kufichwa kwa kizuizi cha lugha.

Utafutaji ukishakamilika, upime. Mwombe mtafiti akupe makala tano hadi kumi anazojua kwamba lazima ziwemo katika mapitio, kisha angalia kama utafutaji wako umezileta zote. Iliyokosekana ifungue, usome kichwa, ikisiri na istilahi zake, na ujue neno lipi lilikuponyoka. Baada ya hapo umpe mkutubi mwingine aukague. Mwongozo wa PRESS, ulioboreshwa mwaka 2015, unataja mambo sita ya kukagua: jinsi swali lilivyogeuzwa kuwa utafutaji, viunganishi, istilahi rasmi, maneno ya kawaida, tahajia na mpangilio wa mistari, na vichujio. Taasisi ya Tiba ya Marekani, ilipotoa viwango vyake vya mapitio ya kimfumo mwaka 2011, ilitaka utafutaji upangwe pamoja na mkutubi aliyefunzwa na ukaguliwe na mkutubi mwingine asiyehusika. Mkutubi aliye peke yake chuoni anaweza kubadilishana ukaguzi na mwenzake wa chuo kingine, Nairobi kwa Dar es Salaam au Kampala kwa Mwanza. Ni saa chache tu za kazi, na kosa moja la kiunganishi likigunduliwa linaweza kuyaokoa mapitio mazima.

Kanzidata zipi, na nini kifanyike pasipo na fedha

Kwa mapitio ya majaribio ya kitabibu, Cochrane hutaja MEDLINE, Embase na CENTRAL, ambayo ni rejista ya majaribio ya Cochrane yenyewe, kuwa msingi. Ya kwanza inafikika kupitia PubMed. Ya tatu imo ndani ya Cochrane Library, ambayo hufunguka bila malipo katika nchi nyingi za kipato cha chini. Embase ni ya kulipia, na maktaba nyingi za kwetu hazina. Hasara yake ni ya kweli, maana Embase ina majarida mengi ya Ulaya, makala za dawa na ikisiri za mikutano ambazo hazimo katika MEDLINE. Lakini CENTRAL hukusanya rekodi za majaribio kutoka Embase pia, kwa hiyo kwa swali linalojibiwa na majaribio yenye mgawanyo nasibu sehemu kubwa ya hasara hiyo inafidiwa. Kwa tafiti za uchunguzi bila afua haifidiwi, na hapo njia bora ni kumpata mshiriki wa utafiti aliye katika chuo chenye Embase, amkabidhi mkutubi wa huko utafutaji uliouandaa augeuze kwa kanuni za kanzidata hiyo, na jina lake litajwe. Lolote litakalotokea, andiko liseme wazi ni kanzidata ipi haikutafutwa.

Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na sasa uko chini ya Research4Life, huzipa taasisi za nchi zetu makala kamili bure au kwa ada ndogo. Watafiti wengi huuchanganya na kanzidata. Waeleze kwamba Hinari ni mlango wa kuingilia kwenye makala baada ya kujua unachokitaka, na haichukui nafasi ya utafutaji wenyewe.

Google Scholar itumike mwishoni kama nyongeza. Haionyeshi zaidi ya matokeo 1000 hata ikisema imepata laki kadhaa, haikubali utafutaji mrefu, na mpangilio wake hubadilika, hivyo mtu mwingine hawezi kuurudia na kupata kile ulichopata wewe.

Maandiko ya nyumbani

Kama kuna mahali ambapo mkutubi wa Afrika Mashariki anaweza kuleta kitu ambacho timu ya London au Boston haiwezi kukipata kwa urahisi, ni hapa. Tafiti zilizotoa matokeo makubwa na ya kuvutia huchapishwa haraka katika majarida ya kimataifa, na zile zilizoona tofauti ndogo au zisizoona tofauti hubaki katika majarida ya hapa, katika tasnifu na katika ripoti za ofisini. Mapitio yasiyofika huko huishia kuikuza faida ya afua kuliko ilivyo.

African Journals Online, hazina iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao Afrika Kusini, ina majarida kama Tanzania Journal of Health Research, East African Medical Journal na African Health Sciences. Injini yake ya kutafutia haiwezi kuubeba utafutaji mrefu wa PubMed. Andika utafutaji mfupi mfupi, kwa mfano chandarua na ujauzito, kisha malaria na ujauzito, na uandike kila mmoja pamoja na tarehe na idadi ya matokeo yake. African Index Medicus hupatikana ndani ya Global Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani, na huko zimo makala na ripoti za kanda ambazo hazimo kwingine.

Tasnifu zitafutwe katika hazina za kidijitali za vyuo, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Makerere na Nairobi. Usiishie kwenye mtandao. Tasnifu nyingi za zamani ziko kwenye rafu tu, na simu moja kwa mkutubi wa chuo husika huleta orodha ambayo hakuna injini ya kutafutia itakayoileta. Ripoti za wizara na za taasisi za utafiti, kama Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania na KEMRI ya Kenya, zinahitaji juhudi ileile. Kwa swali la vyandarua na upungufu wa damu, zimo pia ripoti za tafiti za kitaifa za kaya, kama ule wa Tanzania wa mwaka 2022 wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria. Ripoti hizi si majaribio, na huenda vigezo vikazikataa, lakini orodha ya rejea zake huonyesha kazi nyingine.

Majaribio yaliyosajiliwa lakini hayajachapishwa yatafutwe katika rejista ya majaribio ya Afrika, iliyo chini ya Cochrane ya Afrika Kusini mjini Cape Town, na katika lango la rejista la Shirika la Afya Duniani. Jaribio lililomalizika miaka sita iliyopita na halijachapishwa ni habari muhimu kwa mtafiti, na mara nyingine barua pepe ya heshima kwa mtafiti mkuu huleta matokeo yenyewe.

Kutunza rekodi na kuondoa zinazojirudia

Kwa kila mahali palipotafutwa, andika siku hiyohiyo jina la kanzidata, tarehe, maneno kamili kama yalivyoandikwa, vichujio na idadi ya matokeo. Usitegemee kumbukumbu, wala akaunti ya kanzidata peke yake. Nakala ihifadhiwe katika faili ambalo timu nzima inaweza kulifikia.

Matokeo yote yaingizwe katika programu ya rejea. Zotero inatosha na ni ya bure. Hifadhi kwanza nakala ya kila kitu kabla ya kuondoa chochote, kisha ondoa rejea zinazojirudia kwa kulinganisha kichwa, mwaka, jarida na kurasa. Kazi hii isiachiwe programu peke yake. Makala mbili za jaribio moja, ya kwanza ikieleza malaria ya wajawazito na ya pili ikieleza uzito wa watoto, zinaweza kufanana majina ya waandishi na kijiji, lakini ni makala mbili tofauti, na zote zibaki zikiwa zimeunganishwa. Rejea zilizobaki zipelekwe katika programu ya kuchujia, kama vile Rayyan iliyobuniwa Qatar, ambayo ina huduma ya bure na inawaruhusu wasomaji wawili kufanya uamuzi bila kila mmoja kuona wa mwenzake. Mkutubi awafundishe kuitumia na kuwawekea mipangilio, lakini uamuzi wa kukubali au kukataa makala ni wa wenye ujuzi wa mada.

Makala kamili zikitafutwa, anza na Hinari na matoleo ya wazi, kisha maktaba rafiki, kisha mwandishi mwenyewe. Makala zitakazoingia katika mapitio zikaguliwe kama kuna iliyobatilishwa na jarida lake. Zotero hutoa tahadhari ikiikuta, na orodha ya Retraction Watch iko wazi kwa umma tangu ilipochukuliwa na Crossref mwaka 2023. Mtafiti akikuuliza kama aondoe makala kwa sababu ya jina baya la jarida lake, mshauri aipime makala yenyewe kwa chombo cha kupimia ubora kilichotajwa katika itifaki.

Kuripoti na kutafuta tena

Sehemu ya utafutaji iandikwe kwa kufuata mwongozo wa PRISMA wa 2020, wenye vipengele 27 na mchoro wa mtiririko unaoonyesha idadi ya rejea katika kila hatua, pamoja na nyongeza yake ya mwaka 2021 iitwayo PRISMA-S, yenye vipengele 16 vinavyohusu utafutaji peke yake. Utafutaji kamili wa kila kanzidata uwekwe katika kiambatisho kama ulivyoandikwa, si kwa kufupishwa. Wahariri na wahakiki hukata maneno ya andiko, lakini kiambatisho hakina sababu ya kukatwa, na ndicho kitakachomwezesha mtu wa Kigoma au Bujumbura kuurudia utafutaji baada ya miaka mitano.

Kama utafutaji umepitisha miezi 12 kabla ya andiko kuchapishwa, urudiwe. Katika PubMed, tumia tarehe ambayo rekodi iliingizwa katika kanzidata badala ya tarehe ya kuchapishwa, kwa sababu makala ya mwaka juzi inaweza kuwa imeingizwa mwezi uliopita. Anza wiki moja au mbili nyuma ya tarehe ya utafutaji wa kwanza ili kusiwe na pengo, uondoe zilizokwisha kuonekana, na idadi mpya iingizwe katika mchoro wa mtiririko kabla mtafiti hajatuma andiko lake.